Utani Uliosomwa Kortini

Kilolo, Iringa
15 Januari 1956

Mpwa wangu Didas,

Kamwene. Pokea salamu za nyumba nzima, za wakubwa na za wadogo. Nimefika salama, kama mtu aliyeondoka na miguu miwili akarudi na mmoja anaweza kusema hivyo. Mke wangu, mama yenu, hajambo, ila tangu niteremshwe garini ananiwekea chakula karibu na mdomo kana kwamba na mikono nayo imekatwa. Nimemwambia aache, haachi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mvua ni nyingi na mahindi yamenifika kiunoni, nikiwa nimesimama, bila shaka. Tusekile mkeo hajambo? Na wajina wangu, Kasian mdogo? Nilikuja Mbeya kwa ajili ya ubatizo wake na safari ile siijutii. Nawe acha kujilaumu eti ni wewe uliyenitafutia nafasi juu ya magunia ya mchele kwenye lori lile la ajali. Mimi ndiye niliyekataa kungoja basi, nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye gogo langu.

Sasa jambo lenyewe. Kazi yangu unaijua, maana ndiyo iliyokulisha. Mpasua mbao mmoja husimama shimoni, mwingine juu ya gogo, na msumeno unakwenda kati yao. Mimi ni wa juu tangu ujana wangu. Mtu wa mguu mmoja hasimami juu ya gogo, Didas, nilijaribu juzi mama yenu alipokwenda kisimani, nikaanguka kama gunia. Mwenzangu Selemani ameanza kutafuta mtu mwingine. Hanifichi, ila akilisema hilo anatazama pembeni.

Daktari wa Mbeya aliniambia huko Dar es Salaam wanatengeneza mguu wa mbao na ngozi, wenye goti linalokunjika, na kwamba aliyeuzoea hurudi kazini. Mwalimu wa shule ya hapa anasema sheria inamtaka mwenye lori anilipe, kwa kuwa malori ya biashara yote yamekatiwa bima. Mimi sijui mambo hayo. Wewe ni karani wa wakili. Niulizie, mwanangu. Nautaka mguu ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Gama, yule dereva, hajaja kuniona bado. Mngoni mwoga. Nikikumbuka siku ile hospitali nacheka peke yangu. Amesimama karibu na kitanda, machozi yanamtiririka, na askari yuko kando na daftari lake ananiuliza ilikuwaje. Nikaona mtani wangu anakufa kabla yangu. Nikasema, "Bwana askari, andika: mimi ndiye niliyemwambia akimbize gari mteremkoni, nilitaka kuona kama Wangoni wanajua kukimbilia mbele, maana babu zao walijua kukimbilia nyuma tu." Wodi nzima ilicheka, nawe ulishika chuma cha kitanda usianguke. Askari hakucheka, mtu wa mbali yule, akaandika tu, akanisomea, nikatia sahihi. Mtani akilia mbele yako utafanya nini, usimtanie?

Nijibu upesi.

Ni mimi mjomba wako,
Kasian Kalinga


Mbeya
20 Februari 1956

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, Mjomba. Barua yako niliipokea na kuisoma mara nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi za ofisi zimekuwa nyingi. Sisi hapa ni wazima. Kasian ameota jino la chini na halali wala hatulazi. Tusekile anakuamkia, anasema angekuja kumsaidia mama huko nyumbani kama si mtoto.

Kuhusu jambo ulilonituma. Nilimuuliza Bwana Chandrakant, huyu wakili wangu, nikasema ni habari ya mtu ninayemfahamu. Yeye ni mtu mwema na alinieleza kwa utaratibu. Mtu aliyeumizwa na lori la biashara anaweza kudai fidia kwa mwenye lori, na kampuni ya bima ndiyo italipa. Lazima aonyeshe kwamba dereva au mwenye lori alifanya uzembe. Lazima pia aandike madai mapema. Wakili wa kumsimamia angemsaidia sana, lakini tukimlipa wakili mguu utabaki hukohuko Dar es Salaam.

Kwa hiyo nimekuandikia barua ya madai, nimeitia ndani ya bahasha hii. Uinakili kwa mkono wako mwenyewe, neno kwa neno, kisha uipeleke korti ya Mbeya kwa posta. Nakuomba sana, Mjomba, usitaje jina langu popote, wala kwamba tuna undugu. Barua yangu uichome ukimaliza kunakili.

Mvua huku nazo ni kubwa. Msalimie mama.

Mwanao,
Didas


Kilolo
18 Machi 1956

Didas, karani wa watu,

Kamwene. Sote tuko hai. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine anakunywa kwa wawili. Mama yenu amemshonea mtoto kofia, itakuja na mtu wa kwanza anayeaminika.

Nimenakili kama ulivyosema. Kiswahili chako cha ofisini kimenitoa jasho, nimeandika "mdai" mara kumi na moja na kila mara nilidhani ni mtu mwingine. Barua nimeipeleka. Ya kwako sikuichoma. Ina mwandiko wako, nami niliulipia mwandiko huo mbao moja moja mpaka ukamaliza shule, siwezi kuutia motoni. Iko ndani ya Biblia. Lakini nieleze, kwa nini nisitaje jina lako? Tangu lini mtoto wa dada yangu akawa siri?

Sasa furahi. Gama amekuja! Lori lilikuwa linapumzishwa Iringa, akapanda huku kwa miguu na sukari na sabuni. Aliponiona mlangoni na magongo yangu akasema, "Mhehe, mmekula mbwa miaka yote hii, leo mbwa wamechukua mguu mmoja na deni limekwisha." Mama yenu alikasirika mpaka akaingia ndani. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha akanieleza jambo. Breki za lori lile zilikuwa mbovu tangu Oktoba. Alimwambia mwenye lori mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa atie maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, aende, mchele unangojwa. Ndiyo maana pale mteremkoni alikanyaga na hakuna kilichoshika.

Nilimuuliza, "Utasema hayo kortini?" Akasema atasema akiitwa, hata akifukuzwa kazi. Basi andika jina lake mahali panapoandikwa, aitwe.

Selemani amempata mtu wa juu, kijana wa Ilula, anakata mbao nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Nikisikia msumeno wao asubuhi najua kabisa ni wapi amekosea. Nimemwambia Selemani asimzoee sana, mguu wangu uko njiani.

Ni mimi,
Mjomba Kasian


Mbeya
2 Juni 1956

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nasikitika kwamba barua zako mbili zilizofuata hazikupata jibu. Kofia ya mtoto tuliipata, ni nzuri na inamtosha. Tusekile alikuwa na homa lakini amepona. Mimi sijambo.

Shauri lako limepangwa kusikilizwa Jumanne tarehe 10 Julai. Utaletewa hati ya kuitwa.

Mjomba, nimefikiri sana na ushauri wangu ni huu: usije. Barabara ni mbaya, kidonda chako bado kinafunguka kama ulivyoandika, na safari ya lori kwa hali hiyo inaweza kukurudisha hospitali. Barua yako ya madai itasomwa na hakimu, na yote yamo mle. Umwandikie karani wa korti kwamba unaumwa.

Kuhusu Gama, kuita shahidi ni kazi ya mdai siku ya kesi. Nitaangalia kinachowezekana.

Uliniuliza kama Bwana Chandrakant analijua shauri hili. Mambo ya ofisi siruhusiwi kuyaandika kwenye barua, nawe utanielewa. Kazi hii ndiyo inayotulisha mimi, Tusekile na mtoto.

Msalimie mama sana.

Didas


Kilolo
24 Juni 1956

Mpwa wangu,

Kamwene. Nashukuru Mungu Tusekile amepona. Mwambie anywe uji wa ulezi.

Barua yako imenikuta nimekwisha kujiandaa. Mama yenu alikuwa amenifulia kanzu, nimepata mtu wa gari la viazi wa kunichukua mpaka Iringa, na kwa upande wa suruali tumeukata mguu mmoja na kuupinda vizuri ili hakimu asidhani nimekuja na mguu umefichwa. Nilikuwa nimejizoeza maneno yangu. Nayasema kwa mbuzi.

Lakini wewe unajua sheria na mimi najua mbao. Umesema nisije, siji. Nimemwandikia karani wa korti kama ulivyoniagiza. Nimempelekea Gama habari aende yeye, na amenijibu kwamba ataomba ruhusa ya siku hiyo.

Nitakuuliza jambo moja tu, na unaweza kunijibu kwa neno moja. Huyo wakili wako, siku hiyo ya Jumanne, atakuwa upande gani?

Watu wa hapa wananiuliza mguu utakuja lini. Nimewaambia kabla ya Krismasi. Selemani ameahidi kwamba siku nikiupata atamrudisha yule kijana Ilula siku hiyohiyo. Nimeanza kuota nimesimama juu ya gogo, Didas, na vumbi la mbao linaniingia puani. Nikiamka nalia kidogo, kisha naendelea na siku.

Nakungoja.

Mjomba Kasian


Mbeya
5 Agosti 1956

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe na mama na wote. Baridi ya huku mwaka huu ni kali. Mtoto anasimama akishika kiti. Tusekile anawasalimu.

Ni wajibu wangu kukuarifu kwamba shauri lilisikilizwa tarehe 10 Julai na madai yako hayakukubaliwa. Nilipaswa kukuandikia siku ileile. Nimeanza barua hii mara nne.

Mambo yalikwenda hivi. Kampuni ya bima iliweka wakili. Barua yako ilisomwa na hakimu aliisikiliza vizuri, naye alisema anakuhurumia. Kisha wakili wa bima alitoa karatasi ya polisi, ile uliyoitia sahihi hospitali. Yalisomwa maneno kwamba wewe ndiye uliyemwambia dereva akimbize gari mteremkoni. Yalitafsiriwa kwa Kiingereza kama yalivyo. Hakimu akaona kwamba ajali ilitokana na matakwa yako mwenyewe, na hakukuwa na mtu upande wako wa kusema vingine. Basi ikaishia hapo. Rufaa inawezekana, lakini inahitaji wakili.

Mjomba, anayetafsiri kortini huapa. Haruhusiwi kuongeza lake wala kupunguza. Akiulizwa, hujibu kilichoandikwa tu. Nakuandikia hili ili ujue utaratibu ulivyo.

Nimempa mtu wa basi blanketi nzito akuletee, ni ya sufu, ya kufunika mguu wakati wa baridi. Nitaendelea kutafuta njia. Labda wamisheni wanaweza kusaidia habari ya mguu. Nitauliza.

Naomba usiache kuniandikia.

Mwanao,
Didas


Kilolo
30 Septemba 1956

Mpwa wangu Didas,

Kamwene. Tuko wazima hapa. Blanketi imefika, ni nzito kweli, mama yenu ndiye anayejifunika. Pacha wa mbuzi amekuwa beberu na anawapiga watu pembe. Ulezi tumevuna kidogo. Nimefurahi kusikia mtoto anasimama, tena kwa kushika kiti. Nami ndivyo ninavyofanya.

Gama alipita hapa mwanzoni mwa mwezi. Safari hii hakunitania. Nilimwita mla panya, nikamwita mtoro, nikamtukania babu yake, akawa anazungusha kofia tu. Nikajua kuna kitu. Akanieleza.

Anasema alikaa kwenye benchi la nyuma tangu korti ilipofunguliwa, amevaa koti la kuazima, anangoja jina lake liitwe. Halikuitwa. Alikuja na kichupa cha yale maji ya sabuni mfukoni amwonyeshe hakimu. Anasema mkalimani wa korti hakuwepo siku hiyo, na wakili wa bima, Bwana Chandrakant, akasimama akasema karani wake anaijua kazi hiyo. Karani akasimama akaapa. Akasoma karatasi ya polisi kwa Kiingereza, sauti safi, hakukwama hata mara moja. Gama hajui Kiingereza lakini alisikia neno Wangoni, akajua wamefika wapi, akatabasamu akingoja watu wacheke. Hakucheka mtu. Hakimu akamtazama karani akauliza kitu, karani akajibu kwa ufupi. Hakimu akauliza tena, karani akajibu vilevile. Gama alimuuliza askari wa mlangoni wamesema nini. Askari akamwambia: hakimu ameuliza kama mtu huyu alisema maneno haya kwa akili zake timamu, na karani amejibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Gama alisimama kule nyuma akasema, "Ule ni utani, mzee!" Wakamtoa nje. Kazi nayo amefukuzwa.

Nimekaa na habari hii wiki tatu bila kumwambia mama yenu. Nimeigeuza kila upande. Nimejiambia una mke na mtoto. Nimejiambia uliapa. Nimejiambia kwamba kama ningekuja ungenitazama usoni, na kwa hiyo ukanizuia nisije. Hili la mwisho ndilo lililoniuma, Didas, nalisema wazi. Yale maneno ya Kiingereza ningeweza kuyameza. Kila moja nililipasulia ubao, ni kama yangu. Lakini ulikuwapo pale kitandani. Katika watu wote waliokuwa kwenye chumba kile cha korti, wewe na Gama tu ndio mliokuwa hospitali siku ile, na aliyecheka kuliko wote ni wewe.

Na mimi nina langu la kukuungamia, kwa kuwa tumeanza. Ule haukuwa utani mtupu. Nilimwona askari ana pingu kiunoni, na Gama ana watoto wanne. Nilitaka asifungwe. Nilijua askari anaandika. Sikujua kwamba karatasi ile itatoka pale, ikapanda ngazi za korti na kunidai mguu wangu.

Mguu wa Dar es Salaam nimeacha kuungoja. Selemani ananiletea misumeno nimnolee, nakaa kwenye kigoda na tupa yangu, nanoa ya kwake na ya wengine wa huku juu. Wanasema haijawahi kukata hivi. Yule kijana wa Ilula sasa anakata mbao sawasawa. Asubuhi nasikiliza, na sisikii kosa.

Njoo Krismasi. Mlete Tusekile, mlete wajina wangu nimwone akisimama. Kitanda kipo, beberu tutamchinja, na mimi sina neno nawe, mpwa wangu, sina neno hata moja.

Sasa hayo niliyokuandikia hapo juu, kwamba sina neno nawe, mimi nimeyatia sahihi kama nilivyotia ile nyingine. Kama nimesema kwa kweli au natania, usiniulize. Karani ni wewe. Tafsiri.

Kasian Kalinga